Siku ya Hinh

Vac Dong, Thai Binh
22 Februari 1997

Nghi, swahiba wangu,

Mwaka mpya wa Tet umekwisha, keki za wali zimekwisha, zimebaki fizi zinazouma. Sisi wazima. Mama Quy ana kikohozi na hasira; kikohozi kimepatiwa dawa.

Barua yako niliisoma mbele ya chama chetu kizima cha askari wa zamani. Ulipoandika kwamba tangu uvue gwanda hujapata mtu wa kunyamaza naye, Luong aliinuka akasema anakwenda kukojoa, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo usidhani uko peke yako huko Kusini na mashamba yako ya pilipili manga.

Unauliza chama kinaanzaje. Usiitishe mkutano. Ukiitisha mkutano watakuja wenye hotuba. Nenda nyumba kwa nyumba, mkute mtu anatengeneza kitu, mshikie upande mmoja. Sisi tulianza wanne tukiezeka paa la Luong baada ya kimbunga, na hakuna aliyetamka neno chama mpaka mwaka uliofuata. Sheria yetu ni moja: hakuna mwenzetu atakayebebwa na wageni, si kwenda hospitali, si kwenda makaburini. Mengine yote ni pombe ya mchele.

Na tuna Mama Quy. Mwanawe Quy aliuawa mwaka sabini na mbili huko huko unakokaa wewe, upande wa Loc Ninh. Hukuwahi kumwona, alikuwa kikosi cha mdogo wangu. Miaka minne iliyopita nilikuja na Luong, tukamfukua, nikamrudisha nyumbani. Kila siku ya kumi na moja ya mwezi wa nane kwa kalenda yetu ya mwezi, chama kizima tunakula kwake karamu ya kumkumbuka Quy. Anatupikia konokono kwa ndizi mbichi, halafu anatugombeza mmoja mmoja: wewe kanyoe, wewe acha sigara, wewe mbona mkeo amekonda. Sisi sote tuna mama mmoja siku hiyo.

Sasa jambo langu, na unalijua. Mdogo wangu Hinh alipotea wakati ule ule, msitu ule ule. Hakuna aliyemwona akifa, kwa hiyo ikaandikwa kwamba alijisalimisha kwa adui. Jina lake halimo kwenye mnara wa mashujaa wa kijiji. Mama yangu amefariki mwaka juzi bila kuruhusiwa hata kumwekea bakuli la ubani, na unajua mila yetu ilivyo, marehemu ambaye siku ya kufa kwake haijulikani hakaribishwi mezani, kwa sababu hujui umwite lini. Hao wazee utakaowakusanya huko, waulize. Sitaki medali wala mgao wa mchele. Nipatie siku tu, Nghi. Siku ya kumwita mdogo wangu aje ale.

Wako,
Khoan


Loc Ninh
16 Aprili 1997

Kamanda wa paa na konokono,

Nimefuata amri. Nimeshika ngazi, nimeshika nguruwe, nimeshika bomba la kisima, na juzi nimeshikilia mlango wa choo cha mtu akipigilia misumari. Mke wangu ananiuliza kama nagombea udiwani. Tumefika tisa.

Mmoja wetu alikuwa jeshi la upande ule mwingine, anatengeneza redio sokoni, mguu hana. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema, "Nasikia mnanywa bila hotuba." Nikamuuliza mguu aliuacha wapi. Akataja kilima. Kumbe mguu wake na vidole vyangu viwili vimezikwa kilima kimoja, labda vinasalimiana. Nikamwambia kaa. Mkiona vibaya huko, niandikie, lakini simtoi.

Kuhusu Hinh, nimewauliza wote. Hakuna anayejua. Kuna mmoja tu sijamuuliza kwa sababu hashikiki. Anaitwa Tu Lai, mgema mpira, chongo, makamo yetu. Jina ni la huku, karatasi zake ni za huku, lakini nilimkuta anakula biringanya za chumvi na uduvi uliochachushwa, na hakutia hata chembe ya sukari. Bwana we, hapa watu wanatia sukari mpaka kwenye mchuzi wa samaki. Nikamwambia, "Kaka, wewe ni wa Kaskazini." Akasema mama yake wa kambo alikuwa wa huko. Nikamwambia mama wa kambo hafundishi mtu kula hivyo kwa raha. Akacheka kidogo, akachukua ndoo zake akaondoka.

Nitamrudia. Mtu anayekimbia pombe ya bure ana jambo.

Nghi


Vac Dong
8 Juni 1997

Nghi,

Yule wa redio abaki. Luong alinung'unika, halafu akauliza kama anaweza kumtengenezea redio yake kwa posta.

Huyo Tu Lai usimwache. Wengi wa kwetu walibaki huko, wengine kwa mwanamke, wengine kwa aibu. Mimi sina hamu ya kujua alibaki kwa lipi. Mwambie kuna mzee huku anatafuta siku ya mdogo wake, basi. Mwambie jina: Hinh, wa kitongoji cha mtoni, mrefu, akicheka hufunika meno. Kama aliwahi kulala msitu mmoja naye, aseme. Kama ni kweli Hinh alijisalimisha, aseme pia. Nimechoka kumtetea mtu nisiyejua alifanya nini. Hapo nimesema neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya mke wangu.

Mama Quy anakusalimu. Anasema mtu mwenye vidole pungufu asipande ngazi.

Khoan


Loc Ninh
11 Agosti 1997

Khoan,

Kaa chini kwanza. Kama mkeo yupo karibu mwambie alete maji.

Nilikwenda kwa Tu Lai na chupa. Mvua ikatuzuia barazani. Nikamweleza habari za chama chenu, mapaa yenu, jinsi mnavyokwenda kula kwa Mama Quy kila mwaka na kugombezwa kama watoto. Nilikuwa nataka acheke. Hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe, akaniuliza, "Bado anaweka ndizi mbichi kwenye konokono?"

Mimi sikutaja konokono. Nilisema karamu.

Nikamtazama. Yeye akatazama mvua. Nikamuuliza, "Wewe ni nani?" Akasema, "Yuko hai? Mama yangu yuko hai?"

Ni Quy. Mimi niliyemuuliza mara ya pili na mara ya tatu ndiye ninayekuandikia. Yule mnayemlia kila mwaka anagema mpira kilomita chache kutoka kwangu, ana mke, ana binti na mtoto wa kiume, na ana baiskeli mbovu ambayo nimeshamsaidia kuitengeneza.

Anasema hatarudi. Anasema alivyokaa ndivyo abaki. Nilimwambia wewe Khoan ulishamzika Quy huko nyumbani. Akaniuliza umemzika nani. Nikamweleza ulivyokuja ukachimba, na mlivyotambua.

Hapo aliingia ndani, hakutoka tena. Mengine nitaandika nikiweza. Usimwambie mama kwanza.

Nghi


Vac Dong
14 Septemba 1997

Nghi,

Barua yako nimeisoma nimesimama shambani, kwa hiyo nilikaa kwenye tope.

Huyo ni tapeli. Nchi hii imejaa watu wanaouza mifupa ya mbwa kwa wajane na watu wanaojifanya watoto wa watu. Muulize alianguka wapi utotoni. Muulize baba yake alikufaje. Akijibu, muulize tena kitu kingine.

Nilichimba kaburi lile kwa mikono yangu. Mifupa ilikuwa imefungwa kwenye machela ya nailoni, zile za kulalia tulizofunga kati ya miti, kwa sababu ndivyo tulivyozikana: kila mtu na machela yake. Na kwenye machela ile kulikuwa na jina, QUY, limeshonwa kwa uzi wa parachuti ya fataki za kumulika, herufi kubwa. Sote tulishona majina yetu. Mimi langu nilishona jioni nzima. Kwa hiyo usiniambie.

Juzi ilikuwa siku yake. Tulikwenda wote. Mama Quy aliweka wali kwenye meza ya mababu mbele ya picha yake, akawasha udi, akasema, "Quy, njoo ule na wenzako, leo nimepata konokono wakubwa." Mimi niko nyuma yake, nimebeba sahani. Nikatazama ile picha nikawaza, huyu sasa hivi anakula uduvi Loc Ninh. Sahani ikabaki mkononi, sikuiweka mezani. Mama akaniuliza, "Na wewe una nini, umeoa tena?" Watu wakacheka. Nikacheka.

Kama ni yeye, na sisemi ni yeye, basi jibu hili. Niliyemleta ni nani? Mama yule anapalilia kaburi lile kila wiki, anazungumza nalo. Aliyelala kwenye machela ya Quy ni mtoto wa nani? Mbona hukuandika? Umesema ulipomweleza aliingia ndani hakutoka. Aliingia kwa nini?

Nakujua, Nghi. Ukiwa na habari mbaya unakuwa mfupi. Barua yako ilikuwa fupi.

Khoan


Loc Ninh
20 Oktoba 1997

Khoan, ndugu yangu,

Alianguka mnazini? Hapana, huko kwenu hakuna minazi ya maana. Alianguka kutoka kwenye mwembe wa shule? Unaona ninavyoandika upuuzi ili nisifike. Alianguka kwenye ukuta wa pagoda akavunja mkono wa kushoto, na baba yake aliuawa na radi akiwa na jembe begani. Ni yeye.

Tangu Agosti najua. Nimeandika barua hii nikaichana, nimeandika nikaichana. Mke wangu amesema leo nisipoipeleka posta ataipeleka yeye bila kuifunga.

Ni Hinh.

Aliyelala kwenye machela ile ni Hinh wenu.

Sasa sikiliza alivyoniambia nilipomrudia wiki ile ile. Walikuwa pamoja, watu wa kijiji kimoja. Malaria ilimshika Hinh vibaya, na machela yake ilikuwa imeungua kwenye shambulio, akawa analala chini kwenye maji. Quy akamfunga kwenye machela yake mwenyewe, akambeba mpaka zahanati ya msituni, kando ya kijito. Akamtundika kati ya miti miwili, akashuka kumchotea maji. Ndege zikaja. Quy anakumbuka maji ya kijito yaliondoka yote, kisha yakarudi. Basi. Alipozinduka alikuwa kwenye kibanda cha mgema mpira mmoja, mwanamke aliyefiwa na mume, na jicho lake moja lilikuwa limekwenda.

Waliozika ni askari wa kikosi kingine. Uso haukuwa wa kutambulika. Wakasoma jina kwenye machela. Halafu wakahesabu: Quy amekufa, Hinh haonekani. Na asiyeonekana wakati ule unajua aliandikwaje.

Yeye alipoweza kutembea, kikosi kilishahama. Mtu wa kurudi baada ya miezi, bila kovu la risasi kifuani wala barua ya mkubwa, aliogopa wangemfanya nini. Yule mwanamke akampa karatasi za marehemu mumewe, Lai, na baadaye akawa mkewe. Vita vilipokwisha akasikia kwamba kwao yeye ni shujaa, jina lake limechongwa mnarani, mama yake anaheshimiwa. Akasema nikirudi nitampokonya. Akakaa mwaka, mwaka ukawa miaka.

Lakini hakujua habari ya Hinh, Khoan. Hili naliamini kwa sababu nilikuwepo. Yeye alidhani Hinh naye ni shujaa mnarani, jina lake liko juu au chini ya lake. Nilipomwambia kijiji kizima kinamwita Hinh msaliti, na mama yenu amekufa hivyo, alikwenda nyuma ya nyumba alikokuwa mkewe. Nikamsikia anamwambia mkewe, "Wamempa yeye aibu yangu."

Ulitaka siku. Siku ndiyo hiyo hiyo. Ya kumi na moja, mwezi wa nane.

Nisamehe niliyekuandikia haya. Sijui nani mwingine ungependa ayaandike.

Nghi


Vac Dong
19 Januari 1998

Nghi,

Umeniandikia mara tatu na sikujibu. Nilikuwa nakaa na kalamu, halafu naona giza limeingia na ng'ombe hajapewa majani.

Ngoja nikuambie jambo moja, nikuambie wewe kwa sababu Luong alikuwa nami lakini alilala njia nzima. Nilimbeba Hinh kwenye shanta kutoka kwenu mpaka kwetu. Sikumweka juu na mizigo ya watu. Nilimpakata. Na kila tulipovuka mto nilimwambia, kama tunavyofanya, ili roho isibaki ng'ambo: Quy, tunavuka, nifuate. Mito yote hiyo ya nchi hii, Nghi, namwita mdogo wangu kwa jina la mtu mwingine. Tulipofika pantoni pale Tan De nikatupa sarafu majini, nikainama nikasema kwenye shanta, kwa sauti ndogo ili watu wasinione mwehu: "Quy, huko uliko ukimwona Hinh, mwambie kaka yake anamtafuta."

Alikuwa magotini mwangu. Nilimwambia mwenyewe.

Sina la kuongeza hapo. Nimejaribu kumchukia Quy. Asubuhi naweza, jioni siwezi, maana namwona anamtundika Hinh kati ya miti na kushuka kuchota maji, na mimi kaka yake sikuwepo kuchota.

Baada ya mavuno nilikwenda kwa Mama Quy. Nilimkuta anachokoa konokono kwa mwiba. Nikakaa chini.

"Mama, Quy yuko hai."

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

Akaendelea kuchokoa. Konokono watatu, wanne. Nilidhani hakusikia. Halafu akauliza, na hakuniuliza yuko wapi, hakuuliza ana watoto, akauliza, "Kwa hiyo nani amelala kaburini shambani kwangu?"

"Ni Hinh."

"Hinh wa Mama Khoan?"

"Ndiye, mama."

Mwiba ukamtoka mkononi. Akaweka kiganja mdomoni akakaa hivyo, macho wazi. Nikataka kumshika, akanipiga mkono. Alipozungumza ilikuwa kama anaongea na mtu aliye nyuma yangu. "Mama yako alikuwa anapita pale kila asubuhi akienda sokoni. Akifika kwenye kaburi anageuza uso. Kila siku. Mimi nikasema, ananionea wivu, mimi nimepata wangu yeye hajapata. Nikamwona, nikanyamaza. Sikumwita hata siku moja nikamwambia dada, njoo ukae."

Nghi, mama yangu alimpita mwanawe miaka miwili akigeuza uso.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Ni mtu mwema, alininywesha chai. Anasema amesikia, lakini mtu yeyote anaweza kuandika barua kutoka Kusini kwamba yeye ni fulani. Anasema mnara haubadilishwi kwa hadithi. Wenzangu wa chama wamegawanyika. Wapo wanaosema tuache mambo yalale, mama ni mzee, atakufa na heshima yake. Luong alisema hivyo. Nilimwambia Luong atoke nyumbani kwangu, na yeye ndiye wa kwanza tuliyemwezekea paa.

Jana Mama Quy aliniita na kalamu. Barua yake iko humu ndani. Ni ya Quy. Msomee wewe, usimwachie asome peke yake.

Khoan


Vac Dong
18 Januari 1998

Quy,

Anayeandika ni Khoan, maana mimi sijui kusoma na macho yenyewe yameisha. Nimemwambia aandike nisemavyo, asilainishe. Na asilie kwenye karatasi.

Waliniletea cheti cha ushujaa wako nikakitundika. Wakaniletea mifupa nikaiosha kwa mikono yangu, kwa maji ya majani yenye harufu, mfupa mmoja mmoja. Niliona mkono ni mrefu kuliko wako. Nikasema labda alirefuka huko jeshini, mtoto huenda akarefuka akiwa mbali. Mama anayetaka kuamini haoni kitu, hata akishika.

Nimekupikia miaka yote hii. Aliyekula ni mtoto wa mwenzangu. Vizuri, alikuwa na njaa, kwao walikatazwa kumpikia. Ningejua ningemnyima, kwa hiyo nashukuru sikujua.

Sina machozi ya kukupa. Nimetafuta. Yako niliyamaliza yote juu ya Hinh, na sitaki anirudishie. Ukinikuta na macho makavu usiseme mama amekuwa jiwe. Nitajifunza upya kukutazama, kama nitapewa muda.

Cheti nimekitoa ukutani. Nimekipeleka ofisini mwenyewe kabla hawajanidai, mwenyekiti akasema mama, subiri kwanza, nikakiacha mezani kwake nikaondoka. Kwa hiyo hicho ulichokuwa unanilindia hakipo tena. Usinilindie.

Sasa utakuja. Mkeo aje, huyo aliyekuokota nataka kumwona. Watoto waje, na uwaambie wewe ni nani kabla hamjapanda treni, si njiani.

Hinh atahama kutoka kwangu, ataenda kulala na mama yake. Khoan alimbeba safari ya kwanza, safari hii utambeba wewe. Na utamwita jina lake.

Usije usiku. Usipitie njia ya nyuma kwenye mashamba ya mpunga kama mwizi wa bata. Utakuja siku ya soko, utapita katikati ya soko, polepole, watu wote wakuone. Wanaokukumbuka wakushike. Anayetaka kutema mate ateme. Mwenyekiti anasema karatasi haitoshi, na mimi nasema amesema kweli. Hinh hatasafishwa na karatasi. Walimwandika msaliti kwa sababu wewe ulihesabiwa umekufa. Basi tembea.

Ukimaliza soko, njoo ule.

Mama yako


Kituo cha treni, Jiji la Ho Chi Minh
23 Machi 1998

Khoan,

Naandika magotini, treni bado haijaondoka. Nitaiposti kituo cha kwanza chenye sanduku, huenda tukafika kabla yake.

Nilimsomea. Siku ya tatu akawaita watoto. Binti yake sasa anamtazama kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha baba yake, na yule wa kiume anauliza jina la ukoo atakaloandika shuleni. Mkewe amefunga pilipili manga na korosho za kumpelekea mama mkwe, amefungua, amefunga tena. Yule wa redio ametusindikiza mpaka hapa na mkongojo wake, kasema chama hakimwachi mtu apande treni hii bila wenzake, na amekata tiketi yake mwenyewe. Kwa hiyo mtupokee sita.

Tangu tutoke Loc Ninh, Quy ameniuliza swali moja tu. Soko la Vac Dong hujaa saa ngapi. Nikamwambia mimi si wa huko, lakini masoko ya kwetu hujaa saa mbili asubuhi. Akahesabu kwa vidole saa za basi na za pantoni. Kisha akasema tukifika mapema, tukae ng'ambo ya mto tusubiri lijae.

Nghi